Ushauri Uliokuwa Ukipita Juu ya Michongoma

Iyunga ya utoto wangu, hapa Mbeya, haikuwa na kuta. Kiwanja na kiwanja vilitenganishwa na michongoma, au matete yaliyofungwa kwa kamba za migomba, na pale ambapo mwenye nyumba alikuwa mvivu, mstari wa mabingobingo ulitosha. Uzio wa namna hiyo humzuia mbuzi kwa taabu na binadamu haumzuii kabisa. Aliyepita kwenda kuteka maji aliona kila kitu: maharage yako yamebanana, mahindi yamegeuka njano, kuku wawili wamejikunyata chini ya mtungule. Alichokiona alikisema. Hakungoja kuulizwa, na wala hakupunguza sauti.

Sehemu kubwa ya maneno yale ilikuwa upuuzi, na nasema hivyo kwa heshima zote kwa waliotangulia. Tulikatazwa kuyanyooshea maboga machanga kidole, eti yataoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzio boga ulikunja ngumi. Mwanamke aliye kwenye siku zake alizuiwa kuingia kwenye matango. Mama yangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuja Iyunga kwa ndoa. Aliitikia "ndaga" kwa kila mshauri, kisha akaingia kwenye matango siku aliyotaka. Matango yalizaa.

Lakini katika upuuzi ule kulikuwa na elimu ambayo hadi leo sijaikuta mahali pengine ikiwa imekamilika vile. Jivu la jikoni lizungushwe kwenye shina la mche wa kabichi ili sota wasiukate usiku. Majani ya utupa yatwangwe, yalowekwe, yanyunyizwe kwenye maharage yenye wadudu, lakini maji yake yasimwagwe mtoni kwa sababu yanaua samaki. Alizeti mwitu, zile za maua ya njano zinazoota kando ya barabara, zikatwe kabla hazijatoa mbegu na zifukiwe kwenye tuta. Na mvua ya kwanza ya Novemba isikudanganye: chimba kwa mkono, ukikuta udongo umeloa mpaka kina cha kiganja ndipo ushike mbegu. Aliyekuambia hayo alikuwa analima hatua kumi kutoka kwako, kwenye udongo uleule na baridi ileile. Akikosea, njaa ilimpata yeye pia.

Halafu wakaja Wachina wa reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Agosti 1973 reli ilishavuka mpaka pale Tunduma. Nilikuwa na miaka saba. Baba alipata kazi stesheni, maana stesheni ya Mbeya ya TAZARA iko kwetu Iyunga, na mpaka leo wageni wakishuka kwenye treni hushangaa kwamba mjini bado mbali. Watu wakizungumzia wakati ule hutaja injini, madaraja na mahandaki. Mimi nakumbuka mboga. Wachina walilima mboga zao wenyewe kambini, kwenye matuta yaliyoinuliwa na kunyooka kana kwamba yamepigwa kwa uzi wa mwashi, na walibeba maji kwa mzegazega asubuhi na jioni. Hawakuacha hata ukingo wa mtaro bila jani. Kina mama wa Iyunga walisimama pembeni wakitazama. Hapakuwa na lugha ya kushauriana, kwa hiyo ushauri ulitolewa kwa macho: mama alirudi nyumbani, akavunja matuta yake mapana na kuyajenga upya membamba, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Aliapa mpaka anafariki kwamba mbegu zake za kwanza za chainizi alizipata kwa mpishi wa kambi, kwa kubadilishana na mayai.

Serikali nayo ilikuwa na maoni yake. Mwaka 1972 huko Iringa lilitolewa azimio la Siasa ni Kilimo, na baada ya hapo hata mwalimu wa hesabu alikuwa na la kusema kuhusu mbolea. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipita mwaka 1973, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza redio pamoja, kisha wakajadili. Redio ya baba iliwekwa dirishani ikitazama nje. Sauti kutoka Dar es Salaam ilisema mle mboga za majani, kila kaya iwe na bustani, na wazee waliokaa kwenye magogo waliitikia kama vile wako kwenye mkutano. Redio ilipozimwa mjadala ulianza upya: haya yaliyosemwa, kwetu yanawezekana? Nadhani hatua ile ndiyo iliyokuwa na faida. Ushauri ulipita kwanza mikononi mwa watu wa mahali, wakaukagua, wakachukua unaofaa.

Na tulikuwa na bahati ya kuwa karibu na Uyole. Kituo kile cha utafiti wa kilimo, kilichokuzwa kwa msaada wa nchi za Nordiki na ambacho sasa kiko chini ya TARI, kiko upande wa pili wa jiji. Maharage ya Uyole 84 na Njano Uyole, mahindi ya UH6303, yote yametoka pale, na jina la mahali limebaki kwenye mbegu. Bwana shamba alifika mtaani kwa baiskeli. Aliinama, akang'oa mche mmoja, akauvunja mizizi na kuunusa. Simkumbuki akitoa jibu kabla ya kuinama.

Kuta zilianza miaka ya tisini. Mtu mmoja alipandisha tofali za kuchoma mbele tu, kwa ajili ya geti. Jirani yake akaona aibu, akapandisha pande tatu. Iyunga ilikuwa inajaa: viwanda vya bia na soda, wanafunzi wa chuo cha ufundi ambacho leo ni MUST, malori ya Tunduma, wapangaji wasiojulikana majina. Wizi nao uliongezeka. Siwezi kumlaumu aliyejenga ukuta, kwa sababu na mimi ninao. Lakini michongoma ilipong'olewa, yule mpita njia mwenye maneno mengi alibaki nje. Mke wa mwanangu anaweza kulima mchicha wenye madoa msimu mzima na asiwepo wa kumwambia kwamba mchicha ule unamwagiwa maji jioni mno, unalala na unyevu.

Mahindi ya uani yalipungua kwanza. Zikaja nyasi za kukatwa, zikaja pevingi, na katikati ya pevingi chungu cha saruji chenye ua moja linaloonewa huruma. Pevingi ninaichukia, niseme wazi. Mvua za Januari na Februari zikimiminika, maji hayana pa kuzama. Yanatoka getini kwako na kuingia kwa aliye bondeni.

Baada ya ukuta alikuja mbwa. Si kwamba zamani hatukuwa na mbwa. Walikuwepo, wembamba, wakila ugali na makombo, na walikuwa wa mtaa kuliko wa mtu. Mbwa wa leo ana kibanda, ana jina la mchezaji mpira wa Ulaya, na wengi wanasema ni "Kijerumani" hata kama masikio yake yanakataa. Anafungwa mchana kutwa ili awe mkali. Hili ni wazo linalosambaa mjini Mbeya bila kupingwa, nami nalipinga: mbwa asiyeona watu huogopa kila mtu, na mwoga ndiye anayeng'ata watoto wa nyumbani. Mbwa wa mtaa walimjua mwenyeji na mgeni kwa sababu waliwaona wote wakipita.

Kwa upande mmoja, hata hivyo, zamani haikuwa bora. Kichaa cha mbwa kilikuwa hadithi ya kutisha, na aliyeng'atwa alipelekwa kwa mganga kwanza. Siku hizi hata mtoto wa shule ya msingi atakuambia: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Na mbwa mwenyewe achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kuku vilevile. Bibi yangu alitia pilipili na shubiri kwenye maji yao mdondo ulipopiga hodi, na mdondo ulimaliza banda zima pamoja na pilipili. Tone moja la chanjo jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu, limefanya ambacho pilipili haikufanya. Ndugu yangu mmoja bado anatumia pilipili. 

Swali la "nifanye nini" sasa linakwenda sehemu mbili: duka la pembejeo na simu. Duka lina kasoro moja kubwa, kwamba muuzaji hajawahi kukujibu "usinunue kitu". Ukimpelekea jani lenye tobo atakupa chupa. Mwaka 2014 kantangaze ilipoingia nchini na kuanza kumaliza nyanya, chupa ziliongezeka. Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, chupa zikaongezeka tena. Wachache walielezwa kwamba kantangaze huzoea dawa moja ikirudiwa mfululizo, au kwamba matunda yaliyotobolewa yakusanywe na kufukiwa shimoni, yasiachwe chini ya mche. Ushauri wa kufukia hauna bei, basi nani aukumbuke?

Simu ndiyo inayonichekesha zaidi. Mpwa wangu amejifunza kilimo chote humo, na ni kijana makini. Alinijia na dawa ya asili: chuma majani ya mwarobaini, twanga, loweka usiku kucha. Nikamwuliza, mwarobaini uko wapi? Iyunga iko kwenye mita 1,700 hivi, na mwezi Juni na Julai tunalala na mablanketi mawili. Mwarobaini ni mti wa joto, wa Dodoma na pwani. Hapa kwetu ukiupanda hudumaa. Huku tuna utupa, na ndugu zetu wa Umalila wana pareto, ua ambalo dunia nzima hutengenezea dawa ya wadudu. Hakuna video iliyomwambia hivyo, kwa sababu aliyeirekodi alikuwa anaongea na watu wa kwao.

Kalenda nayo ni hivyohivyo. Wanamwambia panda vuli, panda masika, Machi ndiyo mwezi. Sisi hatuna mvua mbili. Tuna moja, inayoanza Novemba na kwisha Aprili au Mei, na Machi mahindi yetu tayari ni mabichi ya kuchoma. Nyanya ukizipanda katikati ya mvua hiyo unaialika bakajani kwa jina. Hapa nyanya ni za kiangazi, kwa maji ya kumwagilia.

Kitu kimoja kimebadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Milima. Loleza inatutazama kutoka juu ya jiji, zaidi ya mita 2,600, na tulipokuwa wadogo huko kulikwendwa kwa sababu: kuni, uyoga, mbuzi aliyepotea. Mtu aliyepanda mlima ili ashuke angeulizwa afya yake. Sasa Jumamosi alfajiri vijana wanapita na viatu vya raba na chupa za maji, wengine wanakwenda Ngozi kuona ziwa lililo ndani ya kreta, wengine Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kuangalia maua. Kuangalia tu! Baba asingeamini. Mimi nawaunga mkono, ila ushauri wa wachunga mbuzi bado unahitajika: toka mapema, geuka kabla ukungu haujashuka mchana, na sweta haliachwi kwa sababu asubuhi kuna jua.

Homa ya sasa ni parachichi. Rungwe na Njombe wametajirika kwa Hass, kwa hiyo kila mwenye kiwanja cha mita ishirini anataka miche iliyobebeshwa, na kila mtu ana neno kuhusu Hass hata kama hajawahi kuishika. Nina mti mmoja nyuma ya nyumba, na tawi lake limevuka ukuta kwa jirani, kijana aliyehamia majuzi, mtaratibu, hunipigia "shikamoo mama" kupitia simu kwa sababu getini hatukutani. Wiki iliyopita alinitumia picha ya tawi hilo. Nikajua nimepatikana, nitaambiwa nilikate. Kumbe alitaka kujua nilivyoupanda mti, maana naye amenunua miche mitatu.

Nikamwambia mitatu haienei kwenye kiwanja chake, miti hiyo hutaka mita sita au saba kati yake. Apande mmoja, mingine ampe shemeji yake wa Uyole. Achimbe shimo la sentimita sitini kila upande, udongo wa juu auchanganye na samadi iliyooza kabisa, na pale mche ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo, pasifukiwe. Angoje mvua ya Novemba ishike vizuri. Akasema, lakini mama, huku kwenye simu wanasema Machi. Nikamjibu kwamba huo wa Machi akaupande huko simu inakoongelea, na kesho asubuhi aje na toroli, samadi ninayo.