Kompyuta ya Ofisini Iligoma Kufungua Tovuti Moja Tu, Kumbe!

Leo sileti ubuyu wa mtu, naleta wa kwangu mwenyewe, ingawa ndani yake kuna mtu maarufu. Jina sitaji, na anayejifanya anamjua asiandike kwenye koment, nitafuta.

Kabla sijaanza kublogu nilikuwa mapokezi kwenye ofisi ya dada mmoja mnayemuona sana kwenye runinga. Ana biashara ya kushona nguo, Sinza, mafundi sita. Mshahara wangu 250,000. Wiki ya kwanza tu akaniambia nimfungulie tovuti ya benki kwenye kompyuta ya mapokezi aangalie akaunti ya kampuni. Kwenye simu hataki, maana simu yake inashikwa na mpiga picha, mtu wa mitandao, mpaka dereva.

Haikufunguka. Meneja akasema mtandao wa benki hiyo ndivyo ulivyo, atamletea taarifa kwenye karatasi. Akaleta. Mwezi uliofuata akaleta tena. Dada ni mtu wa safari, akawa anasaini na kuondoka.

Basi bwana, mwezi wa saba mafundi wakawa hawajalipwa mara ya pili. Mmoja alikuwa na mtoto amerudishwa shule. Dada akaja amevimba, anataka kuona akaunti kwa macho yake. Tovuti ikagoma. Meneja mbele ya watu wote akanigeukia mimi, "Huyu anashusha muvi hapa, kaingiza virusi. Kabla hajaja ilikuwa inafungua vizuri." Nikaambiwa nitakatwa 80,000 ya fundi. Yaani kweli nilikuwa naangalia tamthilia mchana, sikatai, lakini mtandaoni tu, sijawahi kushusha kitu.

Usiku sikulala. Asubuhi nikawahi kufika nikaanza kujaribu kwa akili yangu. YouTube inafungua. Google inafungua. Nikachukua simu yangu, nikaiunga kwenye Wi-Fi ile ile ya ofisi, tovuti ya benki ikaja fasta. Kwa hiyo benki nzima, na Wi-Fi nzima. Ugonjwa uko kwenye kompyuta.

Nikamwita dogo mmoja wa mtaani kwetu anayetengeneza kompyuta, soda tu na nauli. Dada naye alikuwepo, kakaa kwenye kiti cha wateja hasemi kitu. Dogo akajaribu Firefox badala ya Chrome, wapi. Akaangalia saa na tarehe, maana kompyuta ikiwa na tarehe ya uongo inazikataa tovuti zenye ulinzi kama za benki. Tarehe iko sawa. Akafungua kile kidirisha cheusi, akaandika ping na jina la tovuti. Majibu yakaja kutoka 127.0.0.1.

Akacheka. "Dada, hii namba ni ya kompyuta yenyewe. Unaiambia iende benki, inajizunguka inarudi hapa hapa."

Akaingia kwenye Windows, System32, drivers, etc, akafungua faili linaloitwa hosts. Alivyonielewesha ni hivi: ukiandika jina la tovuti, kompyuta inatafuta namba yake, kama wewe unavyotafuta namba ya mtu kwenye simu. Kabla haijauliza mtandaoni inaangalia kwanza kidaftari hiki. Kitu cha zamani kweli, kilikuwepo kabla ya huo mfumo wa kuuliza mtandaoni, DNS, uliokuja 1983. Mistari yenye alama ya # mwanzoni haisomwi. Mstari wa mwisho haukuwa nayo. Uliandikwa 127.0.0.1, halafu jina la tovuti ya benki.

"Virusi?" dada akauliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi ile.

Dogo akasema kuna virusi vinavyochezea faili hilo, ila huu mstari ni mmoja tu na umeandikwa kwa utulivu. Akabofya kuangalia faili limebadilishwa lini. Tarehe 11 Februari. Mimi nimeajiriwa Aprili! Wadau, nilitamani niishike ile kompyuta niibusu.

Ila kulisoma faili ni bure, kulibadilisha kunadai nywila ya msimamizi. Na nywila alikuwa nayo mtu mmoja. Dada akampigia, "Njoo." Meneja alipofika akaangalia skrini, akamwangalia dogo, hakuuliza hii ni nini. Mwenzenu hapo ndipo niliposhtuka, maana mimi nilivyoona ule mstari nilimuuliza dogo maswali kumi. Yeye akainama akaandika nywila, vidole vinatetemeka.

Dogo akafuta mstari, akasevu, akafungua tovuti. Ikaja. Dada akaingiza namba zake za siri akaanza kushuka chini taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akasema, "Nyie nendeni mkale." Saa nne asubuhi.

Alichokiona sikijui mpaka leo. Mafundi walilipwa Jumatano, yote miwili. Mshahara wangu haukukatwa, ila pole sikupewa. Meneja, ambaye ni mdogo wake dada wa tumbo moja, Jumatatu alikuwa kazini kama kawaida, kapita mapokezi, "Mambo dada?" Nikamjibu poa. Nywila mpya nilikuwa nayo mimi, kwenye kikaratasi ndani ya kava la simu.