Fumba, masika yanapokaribia kwisha

Barabara itokayo mjini Unguja kwenda Fumba huambaa na uwanja wa ndege, ikapita Dimani na Bweleo, kisha ikaishia pale nchi kavu inapokwisha na Ghuba ya Menai inapoanza. Msafiri wa leo macho yake huvutwa na majengo mapya ya ghorofa yaliyochipuka njiani. Sisi tulikwenda mwishoni mwa masika, na kilichotushughulisha ni maji.

Fumba ni nchi ya maweni. Udongo wake ni haba, umejikusanya katika vishimo baina ya mawe ya matumbawe ya kale, na humo watu hupanda muhogo na mipapai. Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa, hivyo mvua ikinyesha hulipenya kwa wepesi. Lakini mahali palipomwagwa saruji, jiwe limezibwa kinywa, na maji yaliyokuwa yakizama huanza kutafuta njia nyingine. Mara nyingi njia hiyo huwa ni mlango wa mtu.

Katika nyumba tuliyofikia, mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku wa manane hadi baada ya sala ya Alfajiri. Kulipopambazuka, uwanja wote ulikuwa dimbwi lenye matope, majani ya mwembe na makuti yaliyoanguka. Hapakuwa na mtazamaji. Vijana walishika mabeleshi, mabinti wakashika mafagio ya chelewa, na watoto walipewa ndoo na kazi ya kumwaga kila chombo kilichotuama maji, kwa kuwa mbu hataki zaidi ya kifuu kimoja ili azae. Nasi tulikunja suruali tukaingia. Ajabu ya kazi ya namna hii ni kwamba mikono inapochota matope, kichwa hujenga. Kabla jua halijapanda, nyumba nzima ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya kwa maneno.

Mtoto wa pili wa nyumba hiyo yuko Canada. Alipopiga simu na kuonyeshwa uwanja ule, alicheka sana. Alisema mwezi wa Januari naye alikuwa na beleshi mkononi, akiondoa theluji iliyomfika magotini ili aweze kutoa gari lake. Katika miji mingi ya huko, mwenye nyumba hubanwa na sheria asafishe njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yake, na hukatazwa kuisukumia theluji yake barabarani. Tofauti ni kwamba theluji hukubali kuwekwa rundo pembeni ikasubiri majira yaiyeyushe, hali maji ya mvua hayasubiri.

Tukarudi kwenye mipango. Wa kwanza ulikuwa mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na tangi chini yake. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, likipata mvua ya milimita 50, hupokea lita 3,000. Hata kama sehemu itapotea kwa kumwagika, na maji ya mwanzo yakaachwa yaoshe vumbi la bati, kitakachobaki ni ndoo nyingi ambazo mabinti hawatazichota. Katika rasi iliyozungukwa na bahari, ambako visima vya karibu na pwani huweza kuwa na chumvi, huo si mpango wa anasa.

Wa pili ulihusu ukuta wa jiko, uliojengwa zamani kwa mawe na chokaa. Kijana mkubwa alitaka kuupiga lipu ya saruji ili unyevu usionekane. Fundi jirani alikataa, na sisi tuko pamoja naye: ukuta wa chokaa hupumua, ukifunikwa saruji unyevu hubaki ndani ukaula taratibu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeumizwa kwa huruma ya aina hiyo.

Ubishi wenyewe ulikuja kwenye mpango wa tatu. Kaka wa Canada alikuwa tayari kutuma fedha ili uwanja wote utandazwe vitofali vya saruji, matope yasahaulike kabisa. Kila mtu alifurahi isipokuwa mama yao, ambaye alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake.

“Maji hayo yatakwenda kwa nani, baba?” alimwuliza mwanawe mkubwa.

“Yatateremka chini, mama.”

“Huko chini ndiko kwa jirani.”

Jirani huyo ni mjane anayelea wajukuu katika nyumba ya udongo, nayo iko upande wa mteremko. Asubuhi ile ile watoto wake walikuwa wakikausha mikeka juu ya ua. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoitukuza haki ya jirani, wala kwamba kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika matawi ya imani. Mpango ukabadilika pale pale.

Sasa vitofali vitatandazwa kutoka lango hadi mlangoni tu, na pengine patabaki kokoto. Pembe ya chini ya kiwanja, ndani ya mpaka wao, litachimbwa shimo la kunyonya maji na kujazwa mawe. Fundi alitoa sharti moja: lisikaribiane na kisima wala lisiunganishwe na karo la choo, kwa kuwa jiwe la matumbawe halichuji, uchafu hupita upesi katika nyufa zake. Kuchimba maweni kunahitaji mtaimbo, sururu na wanaume wasiokuwa na haraka, kwa hiyo kazi imewekwa mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekatika.

Kabla ya Adhuhuri, kamba ilikuwa imekwisha kunyoshwa na vigingi vinne kupigwa. Kaka wa Canada ameambiwa atume fedha za tangi kwanza.