Mlinzi wa Dungu na Mashine ya Rada

Katika mashamba ya Karatu yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, mahindi yakaribiapo kukomaa, wenye mashamba hukesha. Adui wao ni tembo, mnyama ambaye kwa ukubwa wake mtu angedhani ni muhali kumkosa. Lakini wayo wake ni mpana na laini. Hutoka msituni bila kishindo, na kwa usiku mmoja aweza kumaliza chakula kilichotarajiwa kulisha nyumba mwaka mzima. Mlinzi aliye juu ya dungu humngojea kwa masikio. Upepo hushuka kutoka Oldeani, majani ya mahindi hukwaruzana, ng'ombe wa jirani hutikisa zizi, mvua hupiga bati. Ndani ya vishindo hivyo mna kijiti kimoja kilichovunjika, nacho ndicho kitafutwacho.

Akipiga debe kwa kila mchakacho, majirani watatoka na tochi bure mara tatu, na mara ya nne hawatatoka. Akingoja mpaka awe na yakini, yakini itamjia wakati tembo yu katikati ya shamba.

Matata hayo ndiyo ya rada. Chombo hiki hutuma mawimbi ya redio kisha hutega mwangwi. Wimbi huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, hata mwangwi wa kitu kilicho mbali kilometa 150, yapata masafa ya kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mpaka Karatu, hurudi kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Taabu iko katika unyonge wake: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu za mwangwi hubaki sehemu moja katika 16. Mnyonge huyo huingia mashineni pamoja na mwangwi wa milima, mvua na makundi ya ndege, na pamoja na mnong'ono wa joto la mashine yenyewe, usionyamaza kamwe. Kiswahili kimempa mwenye manyoya na chombo cha abiria jina moja, ndege. Rada nayo mara nyingine hushindwa kuwatenga. Wala si jambo la mzaha. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, ambaye yeye na baba yake Bernhard walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, aligongana na tumbusi, ndege yake ikaanguka, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Dawa ya kwanza ni subira: kelele hubadilika kila mara, lakini mwangwi wa kweli hurudi pale pale, basi miangwi kumi ikijumlishwa hujitokeza juu ya kelele. Lakini kitu chenyewe hakingoji, kinazidi kuja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Abraham Wald, mwanahisabati aliyekuwa New York, alionyesha njia nyingine: idadi ya vipimo isikatwe kabla. Ushahidi ukiwa mzito, hukumu itolewe papo hapo. Ukiwa wa mashaka, kiongezwe kipimo kimoja, tena kimoja. Kwa wastani hukumu hufika mapema, wala makosa hayazidi. Kiwango cha kupigia mbiu nacho, katika rada nyingi, hakikai pamoja. Hupanda na kushuka kwa kulinganishwa na kelele za jirani, kwa sababu kelele za mvua si za anga kavu. Mlinzi wa Karatu hufanya hayo bila hesabu. Asikiapo mvunjiko, hapigi debe wala halali. Huzuia pumzi, akageuza sikio upande ule.

Mwaka 2017 Tanzania ilitia mkataba wa rada nne za usafiri wa kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Mwaka huo huo, tarehe 15 Novemba, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Serengeti ilianguka Empakaai, katika nyanda za Ngorongoro, watu 11 wakafa. Msiba huo hautajwi hapa kwa kumlaumu yeyote, bali kwa sababu ya mahali. Atazamaye kutoka Kilimanjaro kuelekea Empakaai hukutana kwanza na Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500. Mwangwi uliozuiwa na mwamba haumo ndani ya kelele, na hesabu ya Wald haina cha kuokota.