Flashi mfukoni hadi Kashikishi

Safari yangu ya kwanza kwenda Kashikishi, nchini Zambia, ilipita Tunduma, Kasama na Mansa. Kutoka Mansa barabara inafuata bonde la mto Luapula, unaipita Mwense, kisha Mwansabombwe yaliko makao ya Mwata Kazembe, hadi Ziwa Mweru linapojitokeza. Ufukweni chisense wameanikwa juani, visamaki vidogo kama dagaa wa kwetu. Sokoni ni Kibemba, lakini wakifika wachuuzi kutoka Pweto na Kilwa, ile ya Kongo na si yetu ya Lindi, Kiswahili nacho kinashamiri.

Nilikwenda kuandika habari za biashara hiyo, na kompyuta sikubeba. Nikaipata kwenye duka la fotokopi.

“Tumia, mama,” alisema kijana wa duka, mzaliwa wa Pweto, “ila usiingize programu yoyote ndani yake.”

Sikuhitaji kuingiza kitu. Kwenye flashi yangu kulikuwa na kivinjari, Firefox ile ambayo John Haller, Mmarekani, aliifungasha mwaka 2004 ili iendeshwe bila kusakinishwa. Alamisho, historia na nywila zinakaa kwenye folda moja humo humo kwenye flashi. Nilichomeka, nikafungua folda, nikabofya. Ilichukua muda, kwa sababu flashi husoma na kuandika polepole kuliko diski ya ndani. Kisha kurasa zangu zote zikatokea, zile zile nilizoziacha Mbeya, na kivinjari cha duka hakikuguswa.

Kijana alidhani basi hakuna anayeweza kuniona. Hapana. Kama kompyuta ina programu ya kunasa herufi zinazochapwa, itazinasa tu, kwa hiyo akaunti ya benki sikuifungua. Na flashi hupotea: nywila zilizohifadhiwa nimezifunga kwa nywila kuu.

Lakini nilimfikiria mtu asiye na mashine yake. Mwaka 2018, katika wilaya hii ya Nchelenge iliyo na Kashikishi, yalifunguliwa makazi ya Mantapala kwa wakimbizi kutoka Kongo. Kijana wa huko anayetafuta shule anaweza kuhama kompyuta moja hadi nyingine na kuendelea pale alipoishia, bila kumwachia mwenye mashine historia yake. Kwangu mimi, hiyo ni heshima kubwa kwa bei ya flashi.

“Inafanya kazi kwenye simu?” aliniuliza.

Nikamwambia inahitaji kompyuta ya Windows. Programu ni ya bure na kunakili kunaruhusiwa, kwa hiyo akaleta flashi yake.