Saa Tatu ya Mkono

Mjomba wangu alijifunza gofu kwa kubeba mabegi ya watu. Alikuwa kedi kwa miaka kumi na minne huko Copperbelt, na kwa kuwa kedi huona mipigo mingi kuliko mchezaji yeyote, alirudi Nchelenge na maarifa ambayo ufukwe wa Ziwa Mweru haukuwa na haja nayo hata kidogo. Alirudi pia na fimbo tatu, mipira tisa na bega la kulia lisilopanda tena juu ya kifua.

Bega hilo ndilo linalonifanya niandike. Kwa kawaida mwalimu wa gofu hufundisha kwa mwili wake: husimama, hupiga, na mwanafunzi huiga. Mjomba aliweza kuonyesha mipigo mifupi tu. Mpigo ulipotakiwa kurefuka, mkono wake uliishia njiani na kazi iliyobaki ikaachiwa maneno. Na maneno yenyewe yalikuwa shida, kwa sababu sisi wanafunzi wake wawili hatukuwa na lugha moja naye.

Nieleze kidogo. Mama yangu na kaka yake ni watu wa Nchelenge, nyumbani kwao ni Kibemba, nami mjomba namwita yama kama ilivyo desturi ya huku. Baba alitoka Ujiji akifuata biashara ya samaki wakavu, akaoa, akakaa, akatulea kwa Kiswahili. Desemba ninayoizungumzia, kabla sijaanza chuo, binti wa shangazi yangu alikuja kututembelea kutoka Kigoma. Alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri kuanza kidato cha kwanza Januari. Kibemba chake kilikuwa salamu mbili. Kiswahili cha yama kilikuwa cha sokoni: bei, hesabu, vipimo, na “marahaba” aliyoipenda sana, maana binamu yangu alikuwa mtu pekee pale ufukweni aliyempa shikamoo kila asubuhi.

Desemba ni mwezi wa mikono mitupu Nchelenge. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Nyavu hukunjwa, mitumbwi huvutwa juu, wanaume hukaa chini ya miembe wakishona nyavu na kubishana. Ule ukanda wa mchanga ambao miezi mingine huanikwa chisense, vile visamaki vyetu vinavyofanana na dagaa, hubaki wazi. Yama aliomba ruhusa kwa kina mama wenye sehemu zao, akapewa hatua kama hamsini. Hapakuwa na nyasi wala shimo lenye bendera. Mvua ilikuwa imeushindilia mchanga ukawa mgumu kama sakafu ya udongo, na baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwa mtu anayeanza mchanga wa namna hiyo ni bora kuliko nyasi za matajiri.

Kuhusu mshiko na kusimama sitasema mengi. Vilichukua asubuhi moja. Kilichochukua wiki ni kile yama alichokiita kwa Kibemba panono panono, kidogo kidogo. Hakutaka mtu ainue fimbo hadi juu. Alitaka tuanze na mpigo ambao mikono inasogea shubiri mbili tu kurudi nyuma na shubiri mbili kwenda mbele, tukae hapo hadi uchoshe, kisha turefushe kidogo. Sababu yake ilikuwa rahisi: katika mpigo mrefu kosa lina mahali pengi pa kujificha. Mtu akipinda kiwiko, akayumba, akainua kichwa, kisha mpira ukaenda vibaya, hajui amshitaki nani. Mpigo wa shubiri mbili una mambo machache, na likiharibika moja unaliona.

Mchanga ndio uliotufundisha somo gumu kuliko yote. Yama alichora mstari kwa kidole cha mguu, akatuambia tusimame mstari ukiwa katikati ya miguu, tupige bila mpira. Fimbo ilitakiwa kugusa mchanga kwenye mstari na kuendelea mbele, upande unakolengwa. Ikigusa nyuma ya mstari, hata kwa upana wa vidole viwili, umekosa. Asubuhi ya kwanza ufukwe mzima ulikuwa na alama za binamu yangu nyuma ya mstari, kama kuku aliyepekua. Alikuwa anajaribu kuuchota mpira uende juu, jambo ambalo akili ya kila mtu humwamuru. Lakini uso wa fimbo ya chuma tayari umelala mgongo. Huo mlalo ndio unaoupandisha mpira. Mpigaji hana kazi ya kuunyanyua. Kazi yake ni kuupiga wakati fimbo bado inashuka, mpira kwanza, ardhi baadaye, huku uzito wa mwili ukiwa umeshahamia mguu wa kushoto. Fimbo na mpira hugusana kwa muda unaokaribia nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo huwezi kurekebisha kitu. Yaliyotangulia ndiyo yameshaamua.

Siku ya nne yama aliamua turefushe. Hapo ndipo lugha zilipogongana.

Wafundishaji wa gofu wana mfano wao wa saa. Mpigaji ni uso wa saa anayetazamwa na mtu aliyesimama mbele yake. Kichwa kiko kwenye 12, mpira uko miguuni kwenye 6, na mkono wa kushoto ndio mshale. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono ukirudi nyuma hadi ulale sambamba na ardhi, mshale uko kwenye 9. Ukipita mpira na kulala tena upande wa pili, mshale uko kwenye 3. Makedi wa Copperbelt wote waliujua mfano huo kwa Kiingereza, na Kibemba cha mjini huko kinataja saa kwa namba zilezile za Kiingereza. Yama alitaka kumsaidia mgeni kwa lugha yake. Akavuta Kiswahili chake cha sokoni, akasema: “Saa tisa kwenda saa tatu.”

Binamu yangu akatii. Saa tisa kwake ni wakati wa kutoka shule alasiri, na mshale mfupi wakati huo unaelekea 3. Akapeleka mikono upande wa kushoto, mbele ya mpira, akabaki ameganda hapo akisubiri kuambiwa afanye nini na fimbo iliyoelekea kusikofaa. Wavuvi chini ya mwembe walicheka hadi mmoja akaangusha sindano ya kushonea wavu. Yama akasema “Awe,” yaani hapana, akanigeukia. “Mwipwa, mwambie.”

Nilimwambia kwa Kiswahili chetu: saa tatu kwenda saa tisa. Mkono wake ukapanda palepale yama alipotaka, ukashuka, ukapita, ukalala upande wa pili. Nilidhani nimetafsiri tu. Ilikuwa jioni, nikiwa nimelala, ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimefanya zaidi ya hapo.

Tazama. Kwa Kiingereza mpira uko kwenye sita, na ukirefusha mpigo unasema saba, nane, tisa, kumi. Namba hizo hazikuambii chochote kuhusu urefu wa mpigo. Tisa si mara tatu ya kitu chochote, ni mahali tu. Kwa Kiswahili mpira uko saa kumi na mbili, alfajiri, pale siku inapoanzia na hesabu inakuwa bado haijaanza. Mkono ukipanda kidogo ni saa moja. Ukizidi, saa mbili. Ukilala sawa na ardhi, saa tatu. Namba inakua kadiri mpigo unavyokua, kwa sababu sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, na mkono nao unachomoza kutoka chini. Halafu ng'ambo ya pili mambo yanapendeza zaidi: saa moja ikivuka mpira huishia saa kumi na moja, saa mbili huishia saa kumi, saa tatu huishia saa tisa, saa nne huishia saa nane. Kila mpigo uliolingana pande zote mbili jumla yake ni kumi na mbili. Binamu yangu aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa hisabati hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akawa anajisahihisha mwenyewe kwa sauti: “Nimetoka mbili nikaishia tisa. Nimezidisha mbele.”

Mwaka uliofuata nikaenda chuo, na katika somo la istilahi nikakumbuka mchanga ule. Kulikuwa na Mmarekani aliyeitwa Dave Pelz, aliyefanya utafiti NASA kabla ya kugeukia gofu, ambaye aliwafundisha wachezaji kupima mipigo mifupi kwa saa tatu tu: 7:30, 9:00 na 10:30. Zisome kwa Kiingereza uone kama zina uhusiano wowote. Sasa zisome kwa Kiswahili: saa moja na nusu, saa tatu, saa nne na nusu. Moja na nusu mara moja, mara mbili, mara tatu. Uwiano ambao saa ya Kiingereza imeuficha, saa yetu inausema waziwazi. Nilipoutaja darasani mwalimu alinyamaza kidogo, akachukua chaki, akachora duara ubaoni ili ahakikishe mwenyewe.

Nilitaja hilo kwa sababu darasani tulikuwa tumezoea kukijadili Kiswahili kama mtu anayedaiwa: kinakosa neno hili, kitohoe lile. Kweli, maneno yanakosekana. Tulibishana nusu saa kuhusu mzunguko mzima wa fimbo kutoka nyuma hadi mbele tuuite nini. Wenzangu wengi walitaka “mbembeo”, na ninakubali kwamba linafaa mpigo mfupi, ambapo mikono na fimbo hutembea pamoja kama kitu kimoja kinachoning'inia. Lakini kuanzia saa tatu hivi viganja hukunjika, na fimbo hupata mwendo wake yenyewe juu ya mwendo wa mikono. Watafiti wa Uingereza Alastair Cochran na John Stobbs, katika kitabu chao cha mwaka 1968, waliueleza mpigo kuwa wenzo mbili zilizoungwa, moja kutoka mabegani hadi viganjani, nyingine ni fimbo. Bembea haina kiungo katikati. Mimi nabaki na “mpigo”, neno la kawaida ambalo hata mpiga ngoma analitumia, na hiyo “saa tatu” ninaihesabu kuwa istilahi kamili isiyohitaji kuundwa, maana ilikuwapo tangu zamani na ilisubiri tu kazi.

Nirudi ufukweni, kwani kulikuwa na mgogoro. Wavuvi walichoka kutazama mipira ikidondoka hatua ishirini mbele. Walitaka kuuona mmoja ukizama ziwani. Hata baba, ambaye ni mtu mpole, alisema mtoto atarudi Kigoma Januari, basi apewe nafasi ya kupiga kwa nguvu japo mara moja apate cha kusimulia. Yama alikataa. Alipenda kumtaja Madalitso Muthiya, Mzambia wa kwanza kucheza katika mashindano ya wazi ya Marekani, pale Winged Foot mwaka 2006; lakini hakumtaja ili kumpa mtoto ndoto. Alimtaja ili kusema kwamba hata mtu wa kiwango kile, akipoteza mpigo wake, hurudi kwenye mipigo mifupi na kuanza kupanda upya. Nguvu, alisema, haiongezwi mkononi. Kasi ya mkono ibaki ileile, kinachoongezeka ni saa.

Nadhani kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Saa tatu ndiyo iliyokuwa mwisho wa bega lake. Hadi pale aliweza kusimama kando ya binamu yangu wakapiga pamoja, mzee na mtoto, alama zao mchangani zikiwa sambamba. Kuanzia saa nne angebaki mtazamaji, na sisi wawili na Kiswahili chetu ndio tungemwambia kinachoendelea. Alikawia sana kwenye saa tatu. Siku sita. Mimi sikumhimiza.

Siku ya saba alimwambia mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimepanda kidogo kutoka sokoni: “Saa ine.” Akarudi nyuma akakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Binamu yangu akapandisha mikono juu ya bega, viganja vikakunjika, akashuka, na mpira wenye uzito usiofika gramu 46 ukapaa juu ya zile hatua hamsini zetu tulizopewa, ukaangukia kwenye maji ya Mweru. Wavuvi wakapiga makofi. Yama akauliza mimi, si yeye: “Ameishia ngapi?” Nikamjibu nane. Akatikisa kichwa kukubali, akahesabu mipira iliyobaki. Minane.

Mtoto aliondoka tarehe 3 Januari na ile fimbo ya chuma namba saba, imefungwa ndani ya kanga ya shangazi. Kwao Kigoma anapigia uani, bila mpira, mstari umechorwa kwa mkaa. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti nimpelekee yama, akisema sasa amefika saa tano na bado fimbo inagusa mbele ya mstari. Niliucheza simu ikiwa kati yetu. Yama alisikiliza hadi mwisho, akataka urudiwe, kisha akanitazama kwa mashaka.

“Tano yenu,” akauliza, “au tano ya Waingereza?”