Njia ya Mama Mjane

Kila mwaka, asubuhi moja mawingu yanapofunguka na Kilimanjaro kuonekana na kilele chake cheupe, frateri mmojawapo wa mwaka wa kwanza huuliza: "Padre, theluji ikoje hasa?" Huwa tunajibu kwa kifupi: ni nyeupe, ni baridi, ukiishika inayeyuka mkononi. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote. Kwetu sisi theluji ilikuwa kwanza kazi ya watoto, ya kufanywa gizani kabla ya shule. Na kupitia kazi hiyo tulijifunza jambo juu ya kuungama ambalo tumelimaliza wiki iliyopita tu. Basi safari hii tujibu kwa urefu.

Tunaposema "sisi" tuna maana ya ndugu watano, watoto wa baba na mama mmoja, tuliolelewa katika mji mdogo wa Amos, mkoa wa Quebec, nchini Kanada. Leo tumebaki watatu. Wawili wanaishi hukohuko. Wa tatu aliletwa Afrika Mashariki na utume, naye ndiye anayeshika kalamu kwa niaba ya wote.

Msomaji wa Biblia asidhani kwamba mji wetu umepewa jina la nabii Amosi. Uliitwa hivyo kwa heshima ya Alice Amos, mke wa Lomer Gouin, aliyekuwa waziri mkuu wa Quebec. Uko umbali wa kilomita zipatazo 600 kutoka Montreal, mahali ambapo reli ilivuka mto Harricana, na watu wa kwanza walianza kuhamia huko mwaka 1910 kufyeka msitu. Kwa hiyo katika miaka ya 1950, tulipokuwa watoto, mji wenyewe ulikuwa bado kijana. Wazee waliojenga kanisa mwaka 1922 walikuwa wangali hai. Kanisa hilo la Mtakatifu Theresia wa Avila, lenye kuba kubwa la mviringo, ndilo kanisa kuu la jimbo, na ukitoka msituni lilionekana kabla ya kitu kingine chochote.

Theluji ya kwanza ilianguka Oktoba, na kuanzia Novemba haikuondoka tena hadi Aprili. Mwezi wa Desemba jua lilichomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri lilikuwa jambo la kawaida, na zilikuwapo asubuhi za nyuzi 40. Katika baridi kama hiyo vinyweleo vya ndani ya pua huganda mara tu unapovuta pumzi, na theluji hulia chini ya kiatu kama ubao mkavu unaokanyagwa. Tulionywa tusiguse chuma kwa ulimi. Mmoja wetu aligusa mpini wa pampu ya maji kwa ulimi, akaacha hapo ngozi kidogo, na hakuhitaji kuonywa tena.

Tusiseme tuliteseka. Tulicheza sana. Jioni tulimwaga maji juu ya theluji iliyokanyagwa nyuma ya shule, tabaka juu ya tabaka, mpaka kesho yake tukapata uwanja wa barafu wa kuchezea hoki. Tuliteremka kilimani juu ya mbao zilizopakwa nta. Usiku mwingine anga lote lilijaa mapazia ya kijani yanayotikisika, nuru ya kaskazini, nasi tuliitazama tukiwa tumesimama kimya, kofia zimefunika masikio. Kisha tuliingia ndani, tukapiga magoti jikoni kuzunguka jiko la chuma, tukasali Rozari huku glavu zetu za sufu zikikauka na kutoa mvuke juu ya vichwa vyetu.

Baba alikuwa mkata magogo. Kila Novemba aliondoka kwenda kambi za msituni, na hatukumwona tena hadi karibu na Noeli. Kabla ya kuondoka alitugawia kazi. Kuni za jikoni, zamu ya wavulana. Majivu, zamu ya wasichana. Na kwa wote alitoa amri moja: "Njia ya Mama Mjane ni yenu."

Mama Mjane aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe alikuwa mmoja wa waliofyeka msitu wa kwanza, naye hakuacha mtoto. Kila asubuhi mama huyo alikwenda Misa, akitoka nyumbani gizani kwa miguu, ameshika taa. Kutoka mlangoni pake hadi barabarani palikuwa na hatua kama thelathini. Theluji ikianguka usiku, ilitupasa kuwa tumeisafisha njia hiyo kabla ya kengele ya kwanza, mabeleshi matano, robo saa ya kazi. Hakutulipa. Wakati mwingine tulikuta kwenye kizingiti sahani ya maandazi ya siagi, imefunikwa kwa kitambaa na kuzungushiwa shali isigande.

Majira moja ya Majilio, mama yetu alikwenda kulala kwa dada yake aliyekuwa amejifungua, akatuachia nyumba. Jioni hiyo tulikaa uwanjani tukimwaga maji hadi vidole vikafa ganzi. Tulilala tumechoka. Usiku upepo uliinuka, na theluji ikaanguka.

Asubuhi hiyo hakuna beleshi lililotoka.

Mama Mjane alifungua mlango, akaona theluji imefika magotini, akashuka hivyo hivyo. Chini ya theluji palikuwa na barafu iliyotokana na maji yaliyodondoka kutoka paa. Alianguka kwenye ngazi yake mwenyewe. Muuza maziwa, aliyepita na farasi wake, ndiye aliyeiona taa imezama kwenye theluji, ikiwa bado inawaka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpeleka hospitali kwa kigari cha maziwa.

Mama aliporudi na kuuliza, tulimwambia kwamba usingizi ulitupitia. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba yenu akirudi, mtamwambia wenyewe."

Baba alirudi siku mbili kabla ya Noeli, ndevu zimejaa barafu, mfuko umejaa machungwa. Hatukumwambia. Tulikwenda Misa ya usiku wa manane, tukala mkate wa nyama, tukaimba. Mama naye alinyamaza. Alikuwa anatungoja, nasi tulijua.

Sasa ni lazima tueleze desturi moja ya kwetu. Katika familia za Kikatoliki za Quebec, asubuhi ya Mwaka Mpya mtoto mkubwa alimwendea baba na kumwomba abariki nyumba yake. Wote walipiga magoti. Baba, hata kama alikuwa mkata magogo asiyejua kusoma, aliinua mkono na kuwachorea ishara ya msalaba, akiwakabidhi kwa Mungu kwa mwaka mzima. Hata watu wazima wenye watoto wao walisafiri kwenye theluji ili wasiikose baraka hiyo. Kwetu siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko siku ya zawadi.

Asubuhi hiyo dada yetu mkubwa alisimama mbele ya baba, akafungua kinywa, na maneno hayakutoka. Akaanza kulia. Tukalia wote. Ndipo yakatoka yote: uwanja, upepo, mabeleshi yaliyobaki ukutani, taa kwenye theluji. "Usingizi ulitupitia, baba," tulisema.

Baba hakupiga kelele. Aliushusha mkono aliokuwa ameanza kuuinua. "Baraka itangoja," alisema. "Vaeni."

Alitupeleka kwanza kwenye nyumba ya Mama Mjane. Madirisha yalikuwa na giza, na theluji ya karibu mwezi mzima ilikuwa imefunga njia hadi kwenye kitasa cha mlango. "Lakini baba, hayupo," mmoja wetu alisema. Baba akajibu: "Atarudi." Tukachimba. Haikuwa tena kazi ya robo saa, maana theluji ya chini ilikuwa imeshikamana kama matofali, na baba alilazimika kuipasua kwa shoka. Tulipomaliza, njia ilikuwa safi kutoka barabarani hadi kwenye mlango ambao hakuna aliyekuwa nyuma yake.

Kisha tukaenda hospitali. Sista wa wodi alitutazama, watoto watano wenye nyuso nyekundu na mabuti yanayodondosha maji sakafuni, akaturuhusu kwa kuwa ilikuwa Mwaka Mpya. Mama Mjane alikuwa amelala chali, mguu umefungwa na kuvutwa kwa mizani. Dada yetu alisema kwa niaba yetu: "Mama, ni sisi. Usingizi ulitupitia. Tunaomba utusamehe."

"Nilijua ni ninyi," alisema. "Nilifungua mlango, sikuona alama za miguu. Ningeweza kurudi ndani. Nami nilikuwa mkaidi." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba yenu amekwisha wabariki?"

"Bado, mama."

Akamgeukia baba. "Sasa unangoja nini? Au unataka nami niikose kwa sababu sina mume wala baba?"

Baba alivua kofia. Tulipiga magoti palepale wodini, na yule mama aliyekuwa amefungwa kitandani akainamisha kichwa. Baba akatubariki sote sita. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao walifanya ishara ya msalaba.

Mama Mjane alirudi nyumbani majira ya kuchipua, akitembea kwa magongo, lakini hakuweza tena kutembea hadi kanisani. Tangu hapo padre ndiye aliyemletea Komunyo. Majira mawili ya baridi yaliyofuata hakuna asubuhi tuliyoiacha njia ile. Tulisimama kando na mabeleshi yetu, kofia mkononi katika baridi ile, padre akapita akiwa amemshika Bwana kifuani chini ya koti. Ndugu yenu anayeandika anaamini kwamba wito wake ulianzia kwenye hatua hizo thelathini, ingawa wakati huo alifikiri tu kwamba masikio yake yanauma.

Alifariki mwezi wa Februari. Huko kwetu wakati huo mtu hakuzikwa Februari, maana ardhi imeganda kwa kina cha zaidi ya mita moja na hakuna jembe linaloiweza. Jeneza liliwekwa katika kijumba cha mawe makaburini, likangoja pamoja na mengine. Mwezi wa Mei, theluji ilipoisha na udongo kulegea, baba alituita tena. Tulichukua mabeleshi yaleyale na kuufukia udongo. Hakuwa na mtoto wa kufanya kazi hiyo.

Hadi hapo tumekuwa tukisimulia kisa hiki kwa miaka zaidi ya sitini, na watu hukipenda. Lakini wiki iliyopita, tulipokuwa tukikumbushana kwa simu ili tuandike makala hii, mdogo wetu wa mwisho aliuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza. "Nambieni ukweli," alisema. "Asubuhi ile, ninyi mlikuwa mmelala?"

Simu ilikaa kimya. Kisha mmoja akasema hapana. Alisikia upepo, akajua theluji imeanguka, akangoja mwingine aamke kwanza. Wa pili akasema vivyo hivyo. Na mdogo wetu, aliyekuwa na miaka sita, akasema kwamba yeye aliisikia kengele ya kwanza, akaivuta blanketi kichwani. Vyumba vyetu vilitenganishwa na ubao mwembamba. Tulikuwa macho, kila mmoja akisikiliza jinsi wenzake walivyo "lala". Wawili waliotangulia mbele ya haki hatuwezi tena kuwauliza.

Kwa hiyo tulipolia mbele ya baba, tulipopiga magoti hospitali, tulikuwa tumeungama kosa dogo ili kuficha kubwa. Usingizi si dhambi. Kusikia kengele na kumwachia mwenzako ndiyo ilikuwa dhambi yetu. Na neno "sisi" lilitusitiri vizuri, kwa sababu ndani yake hakuna aliyelazimika kusema "mimi".

Mafrateri wapendwa, nanyi mna zamu zenu: kengele, kufagia kanisa, kujaza maji, kumhudumia mwenzenu aliye mgonjwa. Mnalala katika mabweni, na mnajua jinsi mtu anavyoweza kulala macho akisubiri mwingine ainuke. Hatuandiki kuwahukumu. Tunaandika kwa sababu tumekuwa tukiwafundisha namna ya kusikiliza maungamo ya wengine, nasi ya kwetu tulikuwa hatujayamaliza.

Nabii Isaya, katika sura yake ya kwanza, anamsikia Mungu akiahidi kuzifanya dhambi zetu ziwe nyeupe kama theluji. Tumelihubiri andiko hilo mara nyingi. Lakini sisi tunaijua theluji. Kabla ya kuyeyuka inaweza kufunika barafu chini yake, na aliyeweka mguu juu yake bila kuona ndiye anayeanguka. Ndiyo maana tulipomaliza mazungumzo ya simu tulikubaliana jambo moja. Kila mmoja wetu ataenda kwa padre wa karibu naye na kuungama asubuhi ile upya, akianza na neno "mimi". Wawili kule Amos wamekwisha kwenda. Anayeandika haya anakwenda Jumamosi, naye anaomba sala zenu.