Ukungu wa Darubini Msituni Kakamega

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika msitu wa Kakamega usemi huo una ukweli nusu tu, maana matone huendelea kudondoka kutoka majanini hata mawingu yakishatoweka. Msitu huu, ambao ni masalio ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Alfajiri huwa na ukungu, na alasiri huja na radi. Baina ya nyakati hizo mbili ndipo mwongozaji wa wageni hujitafutia riziki, darubini ikining'inia shingoni.

Hapo kale darubini iliandamana na bunduki. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, chombo kilibaki, ila shabaha ikabadilika: sasa mnyama na ndege huwindwa kwa macho. Kakamega, windo la thamani ni eremomela wa Turner, ndege mdogo wa kijivu mwenye tumbo jeupe na mkanda mweusi kifuani, ambaye hukaa juu kabisa vileleni mwa miti na yumo hatarini kutoweka duniani. Tone moja la maji juu ya lenzi latosha kumfuta. Mgeni aliyevuka bahari ili amwone hataridhika na kivuli, na mwongozaji naye atarejea nyumbani bila bakshishi.

Ndiyo maana watengenezaji wa darubini huzipaka lenzi utando wa kufukuza maji. Siri yake si ngeni kwa aliyelelewa kando ya kijito penye nduma. Tone likianguka juu ya jani la nduma halilowi. Hujikusanya kama lulu, likabingirika, likachukua na vumbi. Jani hilo lina vinundu visivyoonekana kwa macho, navyo vimefunikwa kwa nta. Lenzi haiwezi kuwekewa vinundu vya namna hiyo bila kuhatarisha uangavu wake, hivyo hupakwa tabaka jembamba mno, aghalabu la kemikali zenye florini, ambalo maji hayashikamani nalo. Mwenye darubini huitikisa tu, matone yakaporomoka. Hana haja ya kuisugua kwa shati, na hiyo ni faida kubwa, kwani vumbi lililonaswa na nguo huikwaruza lenzi.

Hata hivyo, utando huo una mipaka. Mwongozaji mmoja wa msitu huo aliona darubini yake ikififia miezi ya mvua. Akaenda dukani, akasema, "Ndugu yangu, darubini hii ina ukungu." Muuzaji akampa kichupa cha dawa ya kufukuza maji. Akaipaka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukungu haukutoka. Fundi alipoifungua alikuta nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya lenzi mithili ya utando wa buibui. Ilikuwa kuvu, nayo ilikuwa imekwisha kukila kioo. Akiba ya msimu mzima ikaishia katika kununua darubini nyingine.

Nani wa kulaumiwa? Hakuna aliyesema uongo. Mmoja alitaja ukungu huu, mwenzake akasikia ule. Neno lilikuwa moja, maradhi yakawa zaidi ya moja.

Upo ukungu wa pumzi, unaotanda pale hewa yenye unyevu inapoigusa lenzi baridi. Dawa yake ni kuiacha lenzi ipate joto la hewa na kutoipumulia. Upo ukungu wa mvuke ulionaswa ndani ya chombo. Huo huzuiwa kiwandani, darubini inapozibwa barabara na kujazwa naitrojeni kavu. Upo pia ukungu ulio kuvu, unaostawi darubini inapofungiwa mkobani ikiwa mbichi. Huo huzuiwa kwa kuikausha kwanza, kisha kuihifadhi pamoja na chembechembe za silika zinazofyonza unyevu. Utando wa nje hufaa dhidi ya matone ya mvua. Kwa mvuke wa ndani na kwa kuvu haufui dafu.

Haiwezi kusemwa kuwa Kiswahili ni maskini. Mvuke, umande, koga na kuvu ni maneno yake ya tangu jadi. Kasoro ni kwamba maelekezo ya vifaa hivi mara nyingi huandikwa kwa lugha za kigeni, na mtumiaji huachiwa neno moja libebe mzigo wa maneno manne. Hata darubini yenyewe ni jina la chombo cha mnajimu, cha mwanamaabara na cha mwongozaji. Wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu nyingi juu ya istilahi za sayansi. Ingefaa baadhi yazo zianzie huku msituni, kwa karatasi moja ya maelekezo ambayo mwongozaji ataisoma kabla ya kwenda dukani.